Vinywa Sita na Matabaka Saba

Iko nchi moja, jina lake halitajwi kwa sababu lilipelekwa kutengenezwa na fundi hajalirudisha hadi leo. Si nchi yetu. Kwetu majina yote yapo mahali pake. Huko watu waliishi kwa raha na kwa kuangaliwa, na hakuna aliyelalamika. Aliyelalamika alipelekwa mahali pa kulalamikia, na mahali hapo palikuwa mbali.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mlezi Mkuu. Mwaka mmoja alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mitandao ya kompyuta. Alilala mkutano mzima, kama itifaki inavyoruhusu, akaamka mara moja tu, pale ilipoonyeshwa ukutani picha ya matabaka saba yaliyopangwa moja juu ya jingine kama masinia ya harusi. Mtaalamu alikuwa akieleza kwamba kompyuta mbili zikitaka kuzungumza, neno hushuka tabaka kwa tabaka upande mmoja, likapita kwenye waya, kisha likapanda tabaka kwa tabaka upande wa pili, na kila tabaka lina kazi yake na halimwingilii mwenzake.

"Hilo la juu kabisa, ambalo yote yanalitumikia, ni la nani?" akauliza Mlezi.

Mkalimani akajibu kwamba hilo ndilo linaloonekana na watu.

"Basi ni mimi," akasema Mlezi, akarudi kulala.

Aliporudi nyumbani ikatoka amri taifa zima lijifunze matabaka saba. Polisi wa barabarani wakaacha kuuliza leseni. Walikusimamisha na kukuuliza, "La tatu?" nawe ukajibu upesi, "La mtandao, afande, kazi yake kutafuta njia." Ukikosea, ulipewa nafasi ya kujifunza kwa vitendo. Kujifunza kwa vitendo maana yake ilikuwa Mradi wa Tabaka la Kwanza, kule Nyika Kuu, ambako watu walichimba mtaro wa kulaza waya. Mtaro ulikwisha kuivuka nyika yote na kuanza kurudi. Waya wenyewe ulikuwa bado haujaagizwa. Waliokwenda kuchimba hawakurudi, na redio ikaeleza kwamba wamelipenda somo.

Kisha Mlezi akatangaza kwamba yeye mwenyewe atafanya mtihani, Siku ya Taifa, mbele ya mtahini kutoka ng'ambo, apate cheti ambacho hakuna mkuu wa nchi aliyewahi kuwa nacho. Akatafutiwa mwalimu. Mwalimu wa kwanza alifundisha, Mlezi hakuelewa, mwalimu akaenda Nyika. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu aliomba apelekwe Nyika moja kwa moja ili asilipotezee taifa muda, na ombi lake likasifiwa kwa uzalendo.

*

Wa nne alikuwa Siwema, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari isiyokuwa na kompyuta. Alifundisha kwa bahasha. Aliandika neno kwenye kipande cha karatasi, mwanafunzi wa kwanza akakitia kwenye bahasha, wa pili akaitia bahasha hiyo kwenye kubwa zaidi, hivyo hivyo mpaka ukuta wa nyuma. Na kule nyuma wengine wakazifungua moja moja. Kanuni ilikuwa hii: funga, beba, usichungulie. Na bahasha ikifika imechanika, itupwe, mwenyewe aombwe airudie.

Siwema alikuwa katikati ya bahasha hizo pale Waziri wa Matabaka, Dokta Kashindye, alipoingia darasani na walinzi wake.

"Mwalimu Siwema, hongera," akasema Waziri.

Siwema akashika ukingo wa meza. Katika nchi ile hongera iliogopwa kuliko pole.

"Hongera ya nini, Mheshimiwa?"

"Umeteuliwa. Utamfundisha Mlezi."

"Na walionitangulia?"

"Wanaendelea vizuri na vitendo."

"Mheshimiwa, mimi nina kifua. Kibaya sana. Nikizungumza sana nakohoa."

"Huko Nyika hewa ni safi," akasema Dokta Kashindye kwa upole. "Waliokuwa na vifua, sasa hawakohoi kabisa."

Siwema akachukua mkoba wake. Wanafunzi wakasimama kumuaga kama wanavyosimama watu kwenye kaburi, wengine wakiwa bado wameshika bahasha.

*

Ikulu ilikuwa na ukumbi mrefu kama uwanja wa mpira. Mlezi alikaa mwisho wa kule, Siwema akasimamishwa mwisho wa huku, na katikati yao walipangwa wazee sita waliovaa kanzu nyeupe. Hao waliitwa Vinywa. Kwa desturi ya nchi ile, hakuna raia aliyesema na Mlezi ana kwa ana. Ulimnong'oneza Kinywa cha Kwanza, naye akaongeza sifa mbele ya neno lako na dua nyuma yake, akamnong'oneza wa Pili, wa Pili naye akaongeza yake, mpaka neno limfikie Mlezi limevikwa kama bibi harusi. Jibu la Mlezi nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Dirishani, uani, lilisimama gari lenye turubai la kijani, lile la kupeleka watu Nyika. Injini ilikuwa inanguruma. Siwema alilijua. Kila mtu alilijua. Halikuzimwa muda wote wa somo, ili dereva asipate taabu ya kuliwasha.

Alipoona wale wazee sita, moyo wake ulipata nafuu kidogo. Haya si ndiyo matabaka yenyewe, akawaza. Mtu huyu anaishi ndani ya somo lake. Akamnong'oneza Kinywa cha Kwanza, mzee mwembamba aitwaye Ngoda: "Kila tabaka husema na jirani yake tu, wa juu na wa chini."

Neno likasafiri. Likachukua muda wa kupika chai. Kinywa cha Sita akainama mbele ya kiti na kusema kwa sauti:

"Ewe Jua lisilotua, Mto usiokauka, Nguzo ya nguzo, Baba wa mababa! Mwalimu anakiri kwamba wewe husema na majirani wote, na majirani wote wanakuogopa. Mola akuzidishie, akulinde, akutunze, amina."

Mlezi akakunja uso. "Majirani gani? Somo liko wapi?"

Swali hilo likarudi ukumbini, likipungua makali kila lilipopita, na Ngoda akamfikishia Siwema akitabasamu: "Mlezi amefurahi mno. Endelea."

Siwema akaendelea. Alisema kwamba tabaka la juu haliwezi kufanya kazi bila lile la chini kabisa, ambalo ni waya. Kule mwisho ikatamkwa kwamba la chini kabisa halina kazi. "Hilo nililijua zamani," akasema Mlezi. Na kule uani dereva wa gari la kijani akashuka, akaanza kupangusa kioo.

Wakati wa mapumziko Siwema alimkuta Mzee Ngoda kwenye korido, akinywa maji.

"Mzee wangu, mbona mnafungua? Nyinyi kazi yenu ni kubeba. Ongezeni sifa zenu juu, hizo hazina neno. Lakini cha ndani kiacheni."

"Mwanangu, wewe ungembebea Mlezi kitu usichokionja?"

"Tabaka halionji mzigo wa mwenzake."

"Hayo ni matabaka. Sisi ni watu wenye watoto." Akaweka kikombe chini. "Na usituone waongo. Hakuna hata mmoja wetu anayedanganya. Kila mtu anapunguza makali kidogo tu."

"Kidogo mara sita, mzee."

"Ndiyo. Ndiyo maana tuko hai mpaka leo." Akamtazama kwa huruma. "Wale walimu watatu walikuwa wanajua sana, hasa yule wa pili. Maneno yake yalikuwa mazuri hata yalikuwa yanatutia uchungu kuyabadilisha."

*

Siwema alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa hana nguvu ya kuvua viatu. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa ameketi kwenye mkeka, sinia la mchele mapajani, akitoa vijiwe. Enzi zake Bi Hidaya aliimba kwenye harusi za mji mzima, na hakuna aliyeolewa bila ya kusutwa au kusifiwa naye.

"Umekula?" akauliza.

"Nimeshiba hofu, mama."

"Hiyo haina mafuta. Kaa."

Siwema akakaa, akaanza kumsaidia kuchambua, na ili asilie akawa anaghani mojawapo ya nyimbo za mama yake, zile za kumuaga mwari. Vidole vya Bi Hidaya vikasimama juu ya sinia.

"Umedondosha."

"Nimedondosha nini?"

"Sijui. Huo wimbo wenyewe nimekwisha kuusahau. Lakini mstari unachechemea. Urudie."

Siwema akaurudia. Kweli, palikuwa na neno aliloruka. Mchele ukamwagika katikati ya vidole vyake, huku akimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Mama hakulijua lililopotea, lakini alijua kuwa kimepotea kitu, na alijua la kufanya: kutupa kilichovunjika na kudai kirudiwe. Ule wimbo ulikuwa na mlinzi ndani yake. Ukipunguza silabi, unachechemea. Ukiongeza, unafurika. Ukibadili kina, unalia kama chungu chenye ufa.

"Mama, eti Mlezi anajua mashairi?"

"Alikulia mtaa wa pili hapo. Kijana alikuwa hodari wa kujibizana. Kabla ya kuanza kulea watu."

*

Asubuhi Siwema aliomba ruhusa ya kufundisha kwa shairi. Vinywa vyote sita vikafurahi, maana shairi mbele ya Mlezi lilijulikana kuwa ni sifa, na sifa haihitaji kupunguzwa makali. Akamghania Ngoda polepole:

Kwanza, waya mchangani, umezikwa, watumika,
Pili, kiungo jirani, mkono umemshika,
Tatu, njia safarini, kila mji wafikika,
Nne, mizigo begani, yahesabiwa kufika,
Tano, watu kikaoni, salamu na kuitika,
Sita, vazi la lisani, neno lipate someka,
Saba, uso hadharani, Mlezi unasikika.

Ngoda akatia sifa zake mbele na dua zake nyuma. Kinywa cha Pili akafanya hivyo hivyo. Lakini cha Tatu, aliyeitwa Mzee Chande, mtu wa tahadhari kuliko wote, alilishtukia neno "umezikwa". Ataje kaburi mbele ya Mlezi? Akalifungua shairi, akaweka "umelazwa kwa heshima", akafunga, akapeleka mbele.

Shairi likafika. Mlezi alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye goti, na vidole vikaanza kucheza, kimoja kimoja, silabi kwa silabi, kama vya kijana wa mtaa wa pili. Kwenye mstari wa kwanza vidole vikakwama.

Akafumbua macho.

"Huu umefurika," akasema. "Urudi ulikotoka."

Ukumbi ukawa baridi. Kwa miaka mingi hakuna neno lililowahi kurudishwa mahali pale. Kinywa cha Sita akamgeukia wa Tano, wa Tano wa Nne, wa Nne akamgeukia Mzee Chande, na Mzee Chande hakuwa na wa kumgeukia ila wa Pili, ambaye alilitamka tena shairi kama alivyolipokea, kwa sauti kubwa, apate kusikika kuwa hana hatia. Safari hii likapita zima. Vidole vya Mlezi vikacheza mpaka mwisho bila kukwama.

"Umezikwa, watumika," akarudia taratibu. "Hili nimelielewa."

Siwema alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasikia uani injini ikibadili sauti, akatazama dirishani, akaliona turubai la kijani likitoka getini. Alipogeuza uso, mahali pa Kinywa cha Tatu palikuwa patupu. Kesho yake pakawa na mzee mwingine, mwenye masikio makubwa, na hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo. Ngoda alipokutana na Siwema kwenye korido hakumwita tena mwanangu.

"Yule alikuwa na wajukuu," akasema tu, akapita.

Siku ya Taifa Mlezi alifaulu. Kila mara mtahini alipouliza, yeye alighani mstari, na umati ukapiga makofi kabla hajamaliza. Akapewa cheti, cheti kikapigiwa mizinga, na Dokta Kashindye akahutubia kwa muda mrefu akieleza jinsi Mlezi alivyoyagundua matabaka tangu akiwa tumboni. Siwema alisimama nyuma ya jukwaa akihesabu hatua za kufika kituo cha basi. Alikuwa hai. Alichotaka sasa ni kuvua viatu, mkeka, na sinia la mchele.

Mlinzi akamgusa bega. "Mwalimu, unaitwa."

*

Ukumbi ulikuwa ule ule. Mlezi kule, yeye huku, Vinywa katikati. Gari lilikuwa limerudi uani, likinguruma, na magurudumu yake yalikuwa na mchanga mwekundu wa Nyika.

Safari hii alianza Mlezi. Neno lake likapita Kinywa hata Kinywa, na hakuna aliyethubutu kuligusa, maana wote waliyaona mabega ya aliyesimama nafasi ya tatu kwamba si yale ya zamani. Ngoda akamfikishia Siwema, uso umemparama:

"Nakuuliza mwandani, watu kweli wanipenda?"

Silabi zilikuwa kamili, nane kwa nane.

Kabla ya Siwema, katika ukumbi ule, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mlezi kitu. Ukweli ulitiwa huku ukatoka uongo kule, na uongo huo haukuwa wa mtu yeyote. Ulikuwa wa wote, kidogo kidogo. Lakini yeye alitengeneza njia. Sasa lolote atakalotia litafika zima, na litafika likiwa na jina lake. Akitia ukweli, ni gari la kijani. Akitia uongo wenye mizani kamili, atakuwa ameuthibitisha kwa mlinzi yule yule wa wimbo aliyemjua kwa mama yake, na watu wa mtaro, na Mzee Chande miongoni mwao, watazikwa mara ya pili kwa shairi lake.

"Sema, mwalimu," akanong'ona Ngoda. "Sema lolote. Mimi nitabeba."

Siwema akafungua kinywa. Alijisikia akighani, sauti nyembamba kama uzi:

"Mlezi wetu nchini, wote wanakupenda."

Ngoda akamkodolea macho. Alikuwa mtu mzima, alijua kusikia. Nusu ya kwanza ilisimama sawasawa. Ya pili ilikosa silabi, ikashuka kama mguu unaotafuta ngazi isiyokuwepo. Angeweza kuitia. Mtoto yeyote angeweza. Akafunga macho, akaongeza sifa zake na dua zake, akabeba kama alivyopewa.

Likafika. Vidole vya Mlezi vikacheza juu ya goti, vikafika mwisho, na kimoja kikabaki hewani.

"Limechanika," akasema. "Lirudiwe."

Likarudi mpaka kwa Siwema. Akalirudia vile vile. Likaenda. Kidole kikabaki hewani.

"Lirudiwe."

Kinywa cha Nne alikuwa amelowa jasho. Yule wa masikio makubwa alianza kulia bila kutoa sauti, lakini hakugusa kitu. Siwema akalirudia mara nyingine, vile vile.

Kidole kikabaki hewani, nacho kikaanza kutetemeka.

Mlezi akasimama. Jambo hilo halikuwa katika itifaki, kwa hiyo hakuna aliyejua akae wapi. Akashuka kwenye kiti, akawapita Vinywa mmoja mmoja, viatu vyake vikilia kwenye sakafu, akasimama mbele ya Siwema karibu kiasi cha kusikia pumzi. Alikuwa mfupi. Redioni hakuwa mfupi.

"Watu wote wakupenda," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu wa mtaani. "Ingetosha. Silabi nane. Wewe hushindwi na hiyo."

"Sishindwi, Mlezi."

"Basi umeiacha."

"Nimeiacha, Mlezi."

Akamtazama. Siwema alitegemea hasira, akaiona hofu, nayo ilikuwa hofu ile ile aliyoijua yeye, ya mtu anayesikia injini inanguruma uani. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote yaliyopita, kwa sababu mtu mwenye hofu namna hiyo na mwenye gari anaweza kufanya lolote.

"Nenda nyumbani," akasema Mlezi.

Maneno mawili, hayana sifa mbele wala dua nyuma. Siwema hakujua ayasome vipi. Alitembea ukumbi mzima, akapita uani kando ya turubai la kijani, dereva akamfuata kwa macho, akatoka getini, na hata alipofika mtaani kwao bado alikuwa akisubiri mkono begani.

*

Mkono haukuja. Ilikuja amri, ikasomwa redioni na Dokta Kashindye. Kwa kuwa mizani kamili imegundulika kuwa ni ukoloni, kuanzia siku hiyo kila shairi, wimbo na methali nchini ipungukiwe silabi moja. Atakayeghani mstari uliotimia atapelekwa kwenye vitendo. Hivyo mistari yote ikachechemea, na iliyochechemea kwa makusudi ikapotea katikati ya mingine kama sindano katika sindano. Siwema akarudishwa shuleni, na wakaguzi wakagawiwa kila darasa kusikiliza.

Siku ya kwanza alifungua somo la matabaka saba. Wanafunzi walikuwa wamelikariri shairi katika umbo lake jipya, lililopunguzwa na Wizara. Wakasimama, wakaanza kulighani kwa pamoja, na walipofika mahali pa silabi iliyotolewa, darasa zima likanyamaza kidogo, kiasi cha silabi moja, kisha likaendelea. Mstari wa pili, wakanyamaza tena mahali pale pale. Hakuna aliyewafundisha.

Siwema akageuka mlangoni. Mkaguzi alikuwa amesimama pale na kalamu yake. Midomo yake ilikuwa ikicheza pamoja na watoto, na walipofika kwenye pengo, naye akanyamaza. Kisha akashtuka, akatazama huku na huku, na macho yake yakakutana na ya Siwema, kila mmoja akisubiri mwenziwe aseme kwanza.